Alama za Chaki Mlangoni

Zahanati ya Kigwe haina mashine ya picha.
Ina mizani, ina kipimo cha urefu kilichopinda kidogo,
ina mimi, na Sista Yunisi anayezijua koo zote
kuanzia hapa hadi ng'ambo ya reli.

Alhamisi, upepo wa Agosti ukimwaga vumbi dirishani,
Bibi Perusi alimwingiza mjukuu wake kwa kumsukuma begani.
"Huyu," akasema, "amekua."
Akalitamka neno kama mtu anayeripoti mbuzi aliyeibwa.

Nyemo. Darasa la pili. Meno mawili ya mbele ndiyo kwanza yanaota.
Sare aliyoshonewa Januari haifungi tena,
viatu vimekatwa ncha ili vidole vipumue.
Miaka saba na miezi miwili, kwa kadi ya kliniki
yenye doa la mafuta ya karanga pembeni.

"Watu wanasema ni baraka, Daktari.
Na Chedego wa kule kisimani ameshauliza
kama zizi letu lina nafasi.
Mtu haulizi hivyo bure."

Mimi si daktari, ni tabibu; sikumsahihisha.
Nilikuwa namsahihisha mtu mwingine, kichwani:
mimi wa miaka kumi na moja nyuma, kule Mpwapwa,
niliyemwambia mama yake Damari, "Ni lishe nzuri tu,
wengine huwahi," nikafunga daftari kabla ya saa sita.
Damari aliwapita urefu wavulana wote wa darasa la tatu.
Mwaka jana nilimkuta soko la Majengo, anauza zabibu,
kimo chake kilekile cha darasa la tano.
Alinisalimia kwa jina.
Hilo ndilo lililoniuma.

Basi safari hii niliuliza polepole.
Kichwa kinauma asubuhi? Ubao unauona vizuri?
Kuna krimu anapakwa, kuna vidonge vya mtu mkubwa vimezagaa?
Mama yake alivunja ungo lini?
Nikatazama ngozi, kama ina mabaka ya rangi ya chai.
Kisha nikamtoa bibi nje kwa kisingizio cha sahihi,
Sista Yunisi akabaki na mtoto
kuuliza lile swali ambalo sharti liulizwe,
kwa sauti ya chini, bila haraka.
Alipotoka akatikisa kichwa: hakuna.
Sikujua kwamba nilikuwa nimebana pumzi.

Kadi ilikoma kwenye chanjo ya surua.
"Babu yake," bibi akakumbuka, "alikuwa akimpima mlangoni
kila Pasaka. Amekufa, nikaendelea mimi."
Nikachukua baiskeli na futi ya fundi cherehani.
Mlango wa mninga, chaki nyeupe, mkono wa marehemu umenyooka:
sentimita tano. Tano. Sita.
Kisha mkono wa bibi, umeyumba:
kumi na moja.

Nikaandika barua ya rufaa palepale, kwenye kinu kilichopinduliwa.
Chini ya safu ya vipimo, panapotakiwa chanzo,
niliandika: mlango wa nyumba.
Watacheka huko mjini. Wacheke, wasome.

"Kwa hiyo anaumwa?"
"Huenda haumwi, Bibi. Lakini chini ya miaka minane
hatubahatishi, na mimi peke yangu sitoshi."
Akafikiri, akiitazama reli.
"Kama treni inayopita stesheni kabla ya saa yake,
wa kupanda wangali njiani na mizigo."
"Hasa. Dodoma kuna watu
wanaoweza kuiinulia bendera."
"Na Chedego?"
"Mwambie zizi limejaa."

Nauli alikuwa nayo, kwenye fundo la kanga,
fedha ya uwele aliouza mapema kwa bei ya hasara.

Nikamwinamia Nyemo: watakupiga picha ya mkono,
haiumi, mifupa yenyewe itasema umri wake.
"Mkono upi?"
"Wa kushoto."
Akauficha mgongoni, haraka.
"Huu ndio wa kuandikia," akasema.
"Watanirudishia?"